Titi nimepata, mbona siridhiki?

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 43, niko Tanga. Mwaka juzi nilikutwa na kansa nikatolewa titi la kushoto, ndugu wakachangishana nikapelekwa India nikatengenezewa lingine kwa nyama ya tumbo langu. Kwa nguo huwezi kujua kitu. Ila halina hisia, nikiligusa ni kama nimegusa mto, tumbo linanivuta nikiinua ndoo, na kioo cha chumbani nimekifunika na kanga. Mume wangu anasema mbona umependeza. Wifi kasema titi jipya na kitambi kimeisha, hiyo bonasi. Nikilalamika naambiwa wenzako wamekufa. Je namkufuru Mungu?"

Marahaba mwanangu, na pole sana. Hukufuru. Mtu anaamka anamshukuru Mungu yuko hai na jioni hiyohiyo analilia titi lake, wala hakuna dhambi hapo. Na hao ndugu nawaelewa, Marekani tangu 1998 kuna sheria kwamba bima ikilipia kutoa titi inalipia na kulitengeneza upya, kwetu sisi ni mchango wa ukoo, sasa kila aliyetoa elfu hamsini anajiona ana hisa kwenye kifua chako.

Tatizo watu wanadhani kuridhika ni swali moja tu, umeridhika au hujaridhika. Hata madaktari miaka mingi walikuwa wanapima kwa macho yao, kidonda kimekauka, titi limekaa vizuri, haya mama nenda nyumbani. 2009 ndo daktari wa upasuaji anaitwa Andrea Pusic na wenzake wakatoa dodoso la BREAST-Q, ambalo anajaza mwanamke mwenyewe, na lile linatenganisha mambo: unavyojiona ukiwa umevaa na ukiwa huna nguo, unavyojisikia mbele za watu, kifua na tumbo vinavyouma, na mambo ya chumbani, kila kimoja na alama zake. Kwa hiyo mtu anaweza kufaulu vizuri tu kwenye nguo akafeli kwingine kote, na ndo wewe huyo, alafu mumeo na wifi wote wanakusahihishia karatasi moja tu, ile ya nguo.

Tuanze na ganzi maana naona ndo inayokuumiza zaidi na nahisi hakuna aliyekwambia kabla. Titi likitolewa mishipa ya fahamu inakatwa, na ile nyama ya tumbo inaunganishwa mishipa ya damu ili isife, ila hisia ni habari nyingine kabisa, kwa wengine zinarudi kidogo kidogo kwa miaka, kwa wengine hazirudi. Sitakudanganya kwamba itakuwa kama zamani. Jambo kama hili mtu alipaswa kuelezwa mapema, sio aje kuligundua mwenyewe bafuni, kwa hiyo hasira zako zina sababu. Na tafadhali, chupa ya maji ya moto usiweke kifuani, hata ukipika angalia mvuke wa sufuria, wapo walioungua bila kusikia chochote wakaja kuona malengelenge jioni.

Tumbo nalo. Marekani na Kanada walifuatilia wanawake miaka miwili baada ya upasuaji, waliotumia nyama yao wenyewe waliyapenda matiti yao kuliko waliowekewa silikoni au mfuko wa maji ya chumvi, ila tumbo lao halikurudi lilivyokuwa mwanzo. Hiyo ndo bei yake, wifi hajui. Chukua ripoti yako ya India umpelekee daktari wa upasuaji, muulize kama walichukua mafuta na ngozi tu au walikata na msuli, maana ukikatwa msuli tumbo linalegea zaidi, na ukiona uvimbe unatokeza ukikohoa usisubiri, hiyo inaweza kuwa ngiri. Akuandikie na fizio, yale mazoezi ya tiba ya viungo.

Chuchu hujaitaja, sijui unayo au hapana. Wengi wanamaliza upasuaji wakibaki na titi lisilo na uso, na hapo ndo kioo kinakuwa adui. Inatengenezwa kwa upasuaji mdogo, au inachorwa kwa tatuu (kama ni Muislamu muulize kwanza sheikh unayemwamini), au ile ya silikoni ya kubandika, unaibandua ukitaka. Sio lazima ufanye hata kimoja. Kanga iache hapo kwenye kioo mpaka wewe mwenyewe uitoe.

Mume sasa. Naona anakupenda, ila anajibu swali ambalo hujauliza, wewe unasema sisikii yeye anasema unapendeza. Mwambie taa ikizimwa, hivi hivi bila kuzunguka: hapa sina hisia ukinishika nabaki nakuangalia tu, nishike huku. Umchukue mkono umuonyeshe, shingoni, mgongoni, titi la kulia, popote unaposikia. Pengine na yeye anaogopa kuuliza, wanaume wengi wanadhani wakigusa wataharibu.

Na hiyo ndoo kuanzia leo abebe yeye.