Swabu isiyogusa kitu

Wewe unayeanza kuchunguza vijidudu vya ndani ya majengo, nakuomba jambo moja kabla hujagusa kitasa cha kwanza: beba swabu, vile vijiti vya pamba vya kupangusia, ambazo hazitagusa kitu. Zifungue palepale wodini au ofisini, zipunge hewani kidogo, zirudishe kwenye vichupa, ziandike namba, kisha zipitie hatua zote za maabara pamoja na nyingine.

Mimi nilizibania, maana kemikali za kutolea DNA ni ghali. Majibu yaliporudi, vitasa vya wodi vilijaa bakteria wawili, Ralstonia na Bradyrhizobium. Huyu wa pili ni bakteria wa udongoni, basi tukaamini vumbi la uani limeingia na viatu. Tuliandika hivyo miezi miwili. Kumbe wametoka kwenye kemikali zenyewe! Swabu zisizogusa kitu zingetuonyesha haohao. Mtafiti Susannah Salter na wenzake walishalionyesha hilo mwaka 2014, na majina yote mawili yamo kwenye orodha yao ya bakteria wanaotoka kwenye kemikali. Kitasa kina vijidudu vichache mno, kwa hiyo uchafu kidogo tu wa kemikali unavifunika. Kwenye kinyesi vijidudu ni tele, uchafu huo hauonekani. Ndiyo maana waliozoea tafiti za tumbo hunaswa hapa.

Pima eneo lako, sentimita 10 kwa 10, na uizungushe swabu unapopangusa, isitumie upande mmoja. Muulize anayedeki amepita saa ngapi na ametia nini kwenye ndoo. Klorini ikibaki kwenye swabu huendelea kuua njiani. Swabu ilowe dawa ya kuizima klorini hiyo, kama thayosulfeti ya sodiamu.

Kwa hewa, wengi huanza na sahani ya agari, ute mgumu wa kuoteshea vijidudu, iliyoachwa wazi saa moja, mita moja kutoka sakafuni na mita moja kutoka ukutani. Andika madirisha yako wazi au yamefungwa, feni inazunguka au la, watu wangapi wameingia. Usione ni mambo madogo. Huko Oregon, Marekani, utafiti wa hospitali uliotoka mwaka 2012 ulikuta vyumba vya kiyoyozi vina aina chache za bakteria kuliko vyumba vya madirisha wazi, na zile zinazofanana na za magonjwa zilikuwa nyingi zaidi.

Ukimpelekea sista wa wodi orodha yako, atakuuliza: wako hai? DNA haijibu hilo, kwani ya waliokufa nayo husomeka. Otesha sampuli za siku ileile kwenye agari, ndipo umrudie.