Hilux LN106 ya mzee kuwa gari la porini: mizani kwanza, springi baadaye

Mkuu, umeeleza kwamba una Hilux LN106 double cabin ya mzee, injini 3L (hilo ni jina lake, si lita tatu), imekaa miaka kwenye banda Tanga. Unataka kuinyanyua inchi 4, uvae matairi ya 33, bampa ya chuma na winchi, hema juu, turbo ikiwezekana, halafu uanze safari za Natron na Katavi. Swali lako ni springi gani ununue. Jibu fupi: usinunue springi yoyote kwa sasa. Springi huchaguliwa kwa uzito zitakaobeba, na huo uzito bado hujaujua.

Kabla hujashika spana, tazama kadi ya gari ina jina la nani. Kama mzee yupo, mkamilishe kubadilisha umiliki TRA sasa hivi wakati gari halina thamani kubwa. Kama alishatangulia mbele ya haki, hiyo ni mali ya mirathi na mwenye mamlaka nayo ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Pikapu mbovu haina mwenyewe. Ikishavaa matairi mapya na winchi, ndugu wote watakumbuka kuwa ni ya familia. Hakikisha pia namba ya injini na ya chesisi zinalingana na kadi, maana nyingi za umri huo zimeshabadilishwa injini kimyakimya.

Ingia chini yake uthibitishe kwamba kweli ni LN106. Unatafuta ekseli nzima mbele, bomba moja toka gurudumu hadi gurudumu, limekaa juu ya springi za majani. Kuna Hilux za miaka hiyohiyo zenye mikono inayojitegemea mbele na chuma cha kujinyonga badala ya springi. Zile mpango wake ni mwingine kabisa.

Ukiwa hapohapo chini, chukua nyundo ndogo na tochi. Gari la pwani huliwa na kutu kuanzia ndani ya chesisi, hivyo rangi safi nje haisemi kitu. Gonga karibu na mabano ya springi za nyuma, chesisi inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, na pale boksi ya stelingi ilipofungwa. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya debe lenye mchanga. Kwenye boksi ya stelingi safisha kwa brashi ya waya utafute nyufa zinazotoka kwenye matundu ya bolti, kisha mtu azungushe usukani gari likiwa limesimama na wewe ukitazama. Chesisi ikicheza pale, matairi mapana yatamaliza kazi. Double cabin hupinda pia nyuma ya kabini: tazama mwanya kati ya kabini na bodi ya nyuma, kama juu ni mpana kuliko chini, chesisi imeshalala.

Kiraka cha chesisi hakichomelewi kwa mstari ulionyooka toka juu hadi chini, kwa sababu ufa mpya utafuata mstari huohuo. Kipande kikatwe ncha za mshazari, mshono uende kwa kuinama. Na betri itolewe waya kabla ya kuchomelea, la sivyo utanunua alteneta.

Sasa uzito. Ipeleke kwenye mizani ya magari ikiwa tupu na tenki limejaa. Pima magurudumu ya mbele peke yake, kisha gari zima. Ukitoa, unapata ya nyuma. Namba hizo mbili zina faida kuliko ushauri wowote utakaopewa, wa kwangu ukiwemo. Halafu tuhesabu ulivyoorodhesha: bampa kilo 55, winchi yenye kamba ya chuma 40, betri ya pili 22, fremu ya juu 45, hema 60, tenki la nyongeza la lita 80 likijaa 87 (dizeli ni takriban kilo 0.84 kwa lita, iliyobaki ni tenki lenyewe), maji lita 60 ni kilo 60, friji na vilivyomo 40, tairi la pili la akiba na rimu yake 34. Hiyo ni 443 na bado hajapanda mtu. Watu wanne wa kilo 75 wanaifikisha 743. Ongeza vyakula, mtungi wa gesi, jeki na spana, uko 850. Uwezo wa double cabin kwenye makaratasi mara nyingi haufiki tani kamili, na abiria wamo ndani ya hesabu hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuongeza chochote umeshaujaza.

Ndiyo maana ushauri wangu ni kupunguza. Hema lishuke kwenye fremu ya bodi ya nyuma, juu yake pasizidi paa la kabini. Utalala chini kidogo, lakini gari halitayumba kila kona. Tenki la nyongeza na maji vikae mbele ya ekseli ya nyuma. Kinachoning'inia nyuma ya ekseli huinua pua ya gari, stelingi inakuwa nyepesi na chesisi inapinda palepale nyuma ya kabini. Mifuko ya upepo ya kusaidia springi huongeza tatizo hilo, maana hukusanya mzigo wote sehemu moja katikati ya chesisi badala ya kuugawa kwenye ncha mbili za springi.

Winchi: chukua uzito wa juu wa gari likiwa limejaa uzidishe kwa moja na nusu. Kwa kilo 2,700 unapata 4,050, yaani winchi ya pauni 9,000 hadi 9,500. Zaidi ya hapo ni kubeba chuma cha bure. Kamba ya nyuzi za sintetiki inaokoa kilo kadhaa mbele, ila haipendi mchanga na jua, kwa hiyo iwe na kifuniko.

Turbo iache. 3L ni lita 2.8, silinda nne, nguvu za farasi kama 90 tu, na uimara wake unatokana na kutosukumwa. Ukiisukumia hewa na dizeli zaidi, joto linaongezeka kwenye pistoni na silinda hedi, na Katavi hakuna wa kukukazia hedi. Pesa hiyo weka kwenye vitu vinne: mkanda wa taiming na beringi yake (ni wa kilomita 100,000, na kama historia haijulikani hesabu umekwisha, ukikatika, valvu zinakutana na pistoni), nozeli zipimwe kwenye mashine, rejeta ifunguliwe isafishwe matundu, na feni ya silikoni ikaguliwe. Mafundi wetu wengi hutoa themostati ili "maji yazunguke vizuri". Irudishe. Ikitolewa, sehemu ya maji hupitia njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, hivyo injini inaendesha baridi kwenye lami na kuchemka kwenye mlima.

Tuje ekseli ya mbele, ambayo ndiyo kazi kubwa kwenye gari lililolala. Tazama lile tufe nyuma ya gurudumu. Likiwa limelowa mchanganyiko mwembamba wa oili na grisi, sili ya ndani imekufa na oili ya difu (gia za katikati ya ekseli zinazopeleka nguvu magurudumuni) imeingia kwenye tufe kuosha grisi ya joint. Paki gari, nyanyua gurudumu moja, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki utikise tena. Mchezo ukipotea ni beringi za gurudumu. Ukibaki ni beringi za kingipini, yaani pini ambazo gurudumu hugeukia likikata kona. Watu wengi hubadilisha za gurudumu mara mbili wakati ugonjwa uko kwenye kingipini.

Fungua pande zote mbili kwa pamoja. Nunua seti kamili ya sili, beringi nne za kingipini, beringi za magurudumu na grisi ya molibdenamu. Tufe lijazwe robo tatu, si pomoni. Nati ya habu inataka soketi ya milimita 54. Patasi na nyundo ndizo zinazoharibu uzi wake. Kaza hadi takriban Nm 60 huku ukizungusha habu, legeza, kisha kaza taratibu mpaka mizani ya springi iliyofungwa kwenye stadi ya gurudumu isome kilo 3 hadi 5 habu inapoanza kuzunguka. Vyuma vinavyoshika mkono wa stelingi juu ya tufe vina washa za koni; uso wake usiwe na rangi wala grisi, vyuma viwe vipya, na vikazwe tena baada ya safari ya kwanza. Vikilegea, stelingi inakatika ukiwa mwendoni.

Oili ya difu ni 80W-90 ya GL-5. Mirija ya kupumulia ya difu zote mbili na gia boksi iongezwe kwa mpira wa mafuta wa milimita 8 hadi ndani ya chumba cha injini. Difu yenye joto ikizama mtoni, hewa ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Oili ikigeuka ya maziwa, umeshachelewa.

Matairi: 33 yaliyo mapana yanagonga bodi, yanachosha joint za mbele, na uzito wake unafanya breki ziwe ndogo. Chukua 235/85R16 au 7.50R16, yote yana kipenyo cha karibu milimita 806. Ni membamba, yanakaa kwenye rimu za inchi 6, na 7.50 utaipata karibu kila mji kwa sababu ya Land Cruiser. Ukitoka 205R16, yenye karibu 740, kipenyo kinaongezeka asilimia 9: geji ikisema 80 unakwenda 87, na gia ya tano inabaki pambo milimani. Difu ya 4.556 (propela huzunguka mara 4.556 magurudumu yote mawili yakizunguka mara moja) badala ya 4.1 inarudisha nguvu hiyo na ziada kidogo.

Difu za mbele na nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Kujua uliyonayo, weka kila gia huru, zuia magurudumu mengine, nyanyua gurudumu moja tu, lizungushe mara mbili kamili na uhesabu propela. Ikizunguka mara nne na kidogo, ni 4.1, ikipita nne na nusu, ni 4.556. Mbele funga habu kwanza. Nimetaja hili kwa sababu difu za mitumba za Ilala au Kirinyaga Road huuzwa kwa macho, na ukichanganya uwiano, siku utakapofunga foo-wili kwenye ardhi ngumu transifa (boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) italipa.

Sasa tunaweza kusema springi. Kwa matairi hayo inchi 2, yaani milimita 50, zinatosha. Chukua mzigo ule usioshuka kamwe (bampa, winchi, fremu, tenki) ndio uagizie; mizigo ya safari springi itaimudu. Kuongeza jani la Canter kwenye springi zilizochoka hakusaidii: gari tupu linakuwa mbao, na majani ya zamani hukatika kwenye tundu la senta bolti. Yubolti ziwe mpya siku zote, zikazwe kwa msalaba, zirudiwe baada ya kilomita 500. Bolti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza gari likiwa juu ya jeki, mpira unabaki umejinyonga na unachanika mapema.

Kunyanyua kuna madeni yake. Mipira ya breki inavutika, hivyo weka mirefu. Ukirefusha vishikio vya springi za mbele, ekseli inageuka na usukani unabadilika tabia. Tiba ni kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Na deni linalosahaulika kuliko yote: juu ya ekseli ya nyuma kuna fimbo inayoendesha valvu ya kugawa breki kulingana na mzigo. Gari likinyanyuliwa, valvu inadhani bodi ni tupu na kupunguza breki za nyuma, wakati umebeba kilo 850. Bano la fimbo hiyo lipandishwe kwa kiasi kilekile ulichonyanyua, kisha ujaribu kwenye uwanja wa changarawe: magurudumu ya mbele yajifunge kidogo kabla ya nyuma, isiwe kinyume.

Umeme kwa ufupi. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 30 toka kwenye betri. Waya wa friji uwe milimita 6 za mraba: kwa urefu wa mita 5 na ampea 5 unapoteza volti 0.14 tu, wakati wa 2.5 unapoteza 0.34 na friji inazima usiku huku betri bado nzuri. Waya wa kuchaji betri ya pili uwe 16.

Upepo, gari likiwa na mzigo: lami psi 32 mbele na 40 nyuma, barabara ya mawimbi 26 hadi 28, mchanga 15 hadi 18 kwa mwendo usiozidi 40. Kompresa ni lazima. Udongo mweusi wa Katavi ukiloa, hakuna psi itakayokusaidia, subiri jua.

Kwa hiyo wiki hii: kadi, nyundo chini ya chesisi, na mizani. Weka hapa uzito wa mbele na wa nyuma, pamoja na picha ya tufe zote mbili na ya pale ilipofungwa boksi ya stelingi. Wakati huo ndipo nitakutajia springi kwa namba.