Boriti imepita hesabu ya kuanguka: je, itahimili mtetemo wa kila siku?

SWALI: Karakana moja ya Eneo la Viwanda, Nairobi, ina boriti ya chuma ya spani (nafasi kati ya nguzo) mbili za mita 6, isiyokatwa juu ya nguzo ya kati. Katikati ya kila spani pana mashine ya pistoni ya kN 80, yenye nguvu ya mtetemo ya kN 16 juu na chini, mizunguko 156 kwa dakika. Momenti plastiki (Mp), yaani momenti kubwa kabisa ya kupinda ambayo boriti inaweza kuibeba, ni kNm 138. Nimejumlisha 80 na 16, nikapata usalama wa 1.44 dhidi ya kuanguka. Mwenye karakana anataka kubadilisha puli afike mizunguko 166. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu, mhandisi. Hiyo 1.44 inahusu mzigo unaowekwa mara moja ukakaa kimya. Swali lako ni la shekidauni: je, baada ya kupinda kidogo kwa kudumu mwanzoni, boriti itabaki na momenti masalia (zilizojifungia ndani yake) zinazoizuia isipinde hivyo tena? Mhandisi Melan alitoa sharti hilo kwa mizigo inayobadilika polepole mwaka 1938. Mwenzake Ceradini alilipeleka kwenye mizigo ya mtetemo mwaka 1969: kinachopimwa ni mwitikio nyumbufu halisi (jinsi boriti ingetikisika bila kupinda kwa kudumu), wenye uzito wa mashine na ufifishaji (upotevu wa nguvu ya mtetemo) ndani yake. Mashine ikizunguka kwa mwendo mmoja, tumia mwitikio uliokwisha kutulia; msukosuko wa kuwasha hauamui.

Anza na masafa asilia, yaani kasi ambayo boriti hutetemeka yenyewe ikigongwa. Kwa boriti ya ukubwa huo, mashine zikipishana (moja juu, nyingine chini), nakadiria mizunguko 195 kwa dakika. 156 ni 0.8 ya hapo. Kwa ufifishaji wa 2%, mtetemo unakuzwa mara 2.77. Hapa ndipo wengi huteleza: huchukua mchoro wa momenti tuli wakauzidisha wote kwa 2.77. Katika mtindo huo wa kupishana, momenti juu ya nguzo ni sifuri, mzigo wote umo katikati ya spani. Mashine zikienda pamoja, masafa asilia hupanda mara 1.5 hivi na ukuzaji hushuka hadi 1.4, ila sasa nguzo nayo inaguswa. Mota mbili zisizofungwa pamoja hupita hali zote mbili, kwa hiyo beba kubwa ya kila mahali.

Katikati ya spani: uzito tuli 75, mtetemo 24 (momenti ya kN 16 ikiwekwa tuli) × 2.77 = 66.5, jumla kNm 141.5. Juu ya nguzo: 90 + 18 × 1.4 = 115, ikipinda kinyume. Katikati imepita 138, lakini masalia ya kNm 15 juu ya nguzo (nusu yake katikati) hukuletea 134 katikati na 130 juu ya nguzo. Boriti inatulia. Kipimo cha jumla ni 3Mp ÷ (2 × 141.5 + 115), yaani 1.04, si 1.44.

Kwenye 166, uwiano ni 0.85 na ukuzaji 3.58. Katikati inakuwa 161, nguzo 116; 2 × 161 + 116 = 438, nawe una 414 (3Mp) tu. Hakuna masalia yanayoweza kuziba pengo hilo. Bawaba (mahali boriti inapopinda kwa kudumu) za katikati na ya nguzo hazifunguki kwa wakati mmoja, ndiyo maana huoni kuanguka. Zinapokezana, na boriti inazidi kulala kila mashine zinapohama kati ya kupishana na kwenda pamoja. Tofauti ya juu na chini katikati ni kNm 172, chini ya mara mbili ya momenti ya kuanza kupinda kwa kudumu (2 × 120), kwa hiyo tatizo si kupinda huku na huku papo hapo.

Kabla ya lolote, pima masafa asilia kwa aksilerometa (kipima mtetemo), mashine zikiwa zimezimwa, kwa kugonga boriti. Yakiwa 188 badala ya 195, hata hiyo 156 haitoshi. Kisha bandika saa ya kupimia mlalo (kushuka kwa boriti) chini ya kila spani na usome kila wiki mashine zikiwa zimesimama: nyongeza zikipungua hadi kuisha, imetulia, zikiwa sawa wiki baada ya wiki, punguza kasi au fungisha mota ziende pamoja. Uchovu wa maungio ya kuchomea uhesabu kando, kwa sababu shekidauni haiuoni. Na usiitumie hesabu hii kwa tetemeko la ardhi: hilo ni tukio moja fupi, linataka uchambuzi wa hatua kwa hatua wa muda.