Amezorota ghafla: ni uvivu, ni tatizo la ujifunzaji, au ni hali ya nyumbani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Nina mwanafunzi wa kike wa miaka 10 ambaye mwaka jana alikuwa miongoni mwa watano bora. Tangu muhula huu uanze amezorota. Anasinzia kabla hata ya mapumziko ya kwanza. Nikitoa maelekezo ya hatua tatu, anafanya ya kwanza na kusahau nyingine. Kazi za nyumbani haleti, anagombana na wenzake ovyo, na mwandiko wake umekuwa mdogo kiasi kwamba nashindwa kuusahihisha. Anajaza mpaka pambizoni. Shule anakosa siku mojamoja. Nasikia baba yake alipoteza kazi. Mwenzangu mmoja anasema ni uvivu. Mwingine anasema ana tatizo la ujifunzaji, apelekwe akapimwe. Mkuu wa shule amesoma mahali kwamba umaskini unaharibu ubongo wa mtoto, hivyo tusimtarajie makubwa. Nani yuko sahihi? Na mimi mwenye darasa lililofurika na mfuko mtupu nifanye nini?

JIBU: Pole na kazi, Mwalimu. Katika maelezo yako yote, kilichonisimamisha ni hilo la mwandiko, ambalo naona umelipitia harakaharaka. Mtoto aliyekuwa akiandika vizuri mwaka jana hasahau kuandika wakati wa likizo. Anayejaza mpaka pambizoni, mara nyingi, anabana daftari.

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha niliwahi kuletewa mtoto wa umri huohuo ambaye aliandika mistari miwili ndani ya mstari mmoja, na hesabu zake alizipanga zikabanana kama matofali ukutani. Karibu kila ukurasa ulikuwa na wino mwekundu: “Andika vizuri!” Nilipomuuliza mbona anaandika hivyo, alilifunua daftari, akahesabu kurasa zilizobaki kwa kidole, akaniambia hizo lazima zifike siku ya kufunga shule. Alikuwa ameshagawanya: kurasa ngapi kwa wiki, ngapi kwa somo. Mtoto huyo aliletwa kwangu kwa sababu eti ni dhaifu wa hesabu.

Kwa hiyo kabla ya kuamua nani kati ya wenzako yuko sahihi, angalia kwamba wote watatu wanatafuta kasoro ndani ya mtoto. Tuanzie nje yake, halafu tuje ndani.

Hilo la kupimwa halina ubaya, ila kwa sasa limetangulia mno. Matatizo ya ujifunzaji kama disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika, hayazuki muhula mmoja. Dalili zake mara nyingi huonekana tangu mtoto anapoanza kuzitambua herufi, na kwa kawaida huchagua sehemu: anakwama kusoma, lakini ukimsimulia habari ileile anaielewa na kuieleza vizuri. Mtoto wa tano bora aliyeporomoka masomo yote kwa mkupuo kuna jambo limebadilika katika maisha yake. Kinachostahili kupimwa mapema ni macho, masikio na damu. Upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma humfanya mtoto achoke, asinzie na kushindwa kutulia kwenye kazi, na kwa macho ya mwalimu hautofautiani hata kidogo na uvivu. Mzazi akiweza kumfikisha kwenye kituo cha afya, hicho kiwe kipimo cha kwanza.

Wewe mwenyewe una kifaa cha uchunguzi ambacho mimi sina: daftari la mahudhurio. Chukua wiki nane zilizopita, andika siku alizokosa na saa anazosinzia, kisha tafuta mpangilio. Akikosa siku ileile kila wiki, huenda ndiyo siku mama anapata kibarua na mtoto anabaki kulea wadogo zake. Akikosa baada ya mvua, huenda sare ni moja na haikukauka. Akikosa siku zinapoitishwa fedha au vifaa, hapo jibu unalo. Kwa wasichana angalia pia siku chache mfululizo kila mwezi. Wapo wanaoanza hedhi wakiwa na miaka 10, na asiye na pedi hukaa nyumbani kimya bila kumwambia mtu. Uvivu hauna kalenda. Ukiona kalenda, ujue kuna sababu.

Kusinzia nako kuna saa zake. Anayelala kabla ya mapumziko ya kwanza, ama hajala, ama hakulala. Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula kama asilimia 20 ya nishati yote. Wa mtoto unadai fungu kubwa zaidi ya hilo. Mtoto aliyekula mara ya mwisho jana mchana hawezi kukufuata kwenye sehemu za desimali hata akikodoa macho. Na usingizi wanaohitaji watoto wa miaka 6 hadi 12 ni saa 9 hadi 12 kwa usiku mmoja. Katika chumba kimoja cha watu wengi, ambako taa huzimwa mkubwa wa mwisho anapolala na mtoto huamka na mkubwa wa kwanza, saa hizo hazipatikani. Watu husahau kuuhesabu usingizi miongoni mwa vitu ambavyo ufukara humnyang’anya mtoto.

Sasa hizo hatua tatu za maelekezo. Kichwani tuna sehemu ndogo ya kushikia mambo wakati tunayafanyia kazi, kama meza finyu ya fundi. Mtu akiwa na wasiwasi mkubwa, wasiwasi huo unakaa mezani na kazi inakosa pa kuwekwa. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla ya mavuno fedha zikiwa zimekauka, kisha baada ya mavuno wakiwa wamelipwa. Watu walewale, vichwa vilevile, lakini kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri. Hao ni watu wazima, na darasa la nne si shamba la miwa, kwa hiyo siuvuti utafiti huo zaidi ya unakofika. Ila mwanafunzi wako wa mwaka jana na wa mwaka huu naye ni yuleyule.

Na kuharibika ubongo? Hapa mkuu wako ameshika kipande cha ukweli kwa upande wenye makali. Upo utafiti wa Marekani wa mwaka 2015, uliopima ubongo wa watoto na vijana 1,099 wenye umri wa miaka 3 hadi 20, ukakuta kwamba eneo la gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, linakwenda sambamba na kipato cha familia. Lakini hiyo ni tofauti ya wastani. Watoto wengi wa familia maskini wana vipimo sawa na wa matajiri, na upimaji wa aina hiyo peke yake hauthibitishi kipi kilisababisha kipi. Jambo ambalo wanaoutaja utafiti huu mara nyingi huliruka ni kwamba uhusiano ulikuwa mkali zaidi kwa wale wa chini kabisa: huko, hata tofauti ndogo ya kipato ilikwenda na tofauti kubwa ya vipimo. Mimi hapo nasoma kwamba chini ndiko msaada mdogo unakoweza kuonekana. Sioni popote paliposemwa tumkatie tamaa mtoto.

Upo ushahidi kwamba mambo hugeuka. Jamaika, kuanzia 1986, watoto 129 waliodumaa waligawanywa katika makundi. Baadhi familia zao zilitembelewa kila wiki kwa miaka miwili, mama akioneshwa namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe. Miongo miwili baadaye, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa bila kutembelewa. Kundi lililopewa chakula cha nyongeza pekee halikupata faida hiyo ya kudumu. Sisemi chakula si kitu, ila nasema mtu anayemjali mtoto naye ni lishe.

Kisa kingine kinagusa huo ugomvi wake na wenzake. Watafiti walikuwa tayari wanawafuatilia watoto 1,420 huko North Carolina, Marekani, baadhi yao wa jamii ya Cherokee, wenyeji asilia wa Marekani, wakati jamii hiyo ilipofungua kasino miaka ya 1990 na kuanza kugawia kila mwanajamii sehemu ya faida. Bila mtu kupanga, baadhi ya familia zikatoka kwenye umaskini. Ndani ya miaka minne, ukorofi na utukutu wa watoto wa familia hizo ulishuka hadi kulingana na wa watoto ambao hawakuwahi kuwa maskini. Wasiwasi na huzuni havikubadilika sana. Na kilichoonekana kuleta nafuu ni kwamba wazazi walipata muda wa kuwafuatilia watoto wao. Kwa hiyo usishangae mzigo ukipungua, ugomvi ukaisha mapema huku ule ukimya wa macho ukibaki kwa muda.

Lakini subiri kidogo. Mabadiliko ya ghafla kwa mtoto yanaweza pia kuwa na chanzo kingine: kupigwa, kudhulumiwa kingono, msiba, wazazi kutengana. Hayo yote huvaa nguo moja na ufukara, na habari za baba kukosa kazi zisikufunge macho. Ndiyo maana lazima uzungumze naye. Usimuulize “Nyumbani mna shida gani?” Hilo ni swali la kumtaka awaaibishe wazazi wake, naye atakujibu “hakuna.” Muombe akusimulie asubuhi yake tangu anapoamka mpaka anapofika shule: nani anaamka kwanza, yeye anafanya nini, anaondoka saa ngapi. Watoto hupenda kusimulia mambo yao ya kila siku, na humo ndani utasikia unachokitafuta. Usimuahidi kwamba itabaki siri yenu wawili. Ukisikia la ukatili, unatakiwa ulifikishe kwa wahusika wa ulinzi wa mtoto siku hiyohiyo.

Kuhusu mfuko mtupu: karibu yote nitakayokuambia hayana gharama, na yote ufanye kwa darasa zima, kamwe usimtenge yeye. Kwa kipimo cha dola 2.15 za Marekani kwa siku, UNICEF na Benki ya Dunia walikadiria kwamba mwaka 2022 watoto milioni 333 duniani, yaani mmoja kati ya sita, walikuwa kwenye ufukara uliokithiri. Huyo uliyemuona huenda si wa pekee darasani kwako, ni yule ambaye aibu imemshinda kuificha.

Aibu ndiyo ningeanza nayo. Acha kabisa kusimamisha watoto “ambao hawajaleta.” Orodha ya wadaiwa isisomwe mbele ya darasa, mzazi ndiye mwenye deni, na mtoto hana mshahara. Maelekezo ya hatua tatu yaandike ubaoni, yabaki hapo mpaka kazi iishe. Kazi ya nyumbani ipe dakika 20 za mwisho wa siku, anayetaka aifanyie hapohapo darasani, maana huko anakokwenda huenda hakuna meza, hakuna mwanga, wala hakuna dakika 20. Kama shule ina chakula cha mchana, hakikisha anayelipiwa na asiyelipiwa wanapanga foleni moja na sahani ni zilezile. Anayechelewa aingie akae; ukimrudisha nyumbani umemwongezea kosa la pili juu ya la kwanza ambalo pengine si lake.

Mzazi naye mwite kwa hekima. Baba aliyepoteza kazi akipata wito wa shule husikia neno moja tu: deni. Sentensi yako ya kwanza iwe sifa ya kweli ya mtoto, ya pili imuulize kama anamuona anachoka akiwa nyumbani. La fedha aliguse mwenyewe, nawe umwelekeze kwa afisa ustawi wa jamii kama yupo karibu.

Na mkuu wako mwambie kwa heshima zote kwamba ushauri wake ndio unaonitia hofu kuliko huo umaskini wenyewe. Mtoto asiyeulizwa swali darasani huacha kujiandaa kujibu, na baada ya mwaka mmoja matokeo yake yatamfanya mkuu aamini kwamba alikuwa sahihi. Huyu binti endelea kumpa maswali magumu, ila umpe muda.

Jipe wiki sita. Kama amekula, amelala, macho na damu viko sawa, na bado masomo yote yamekwama, hapo yule mwenzako wa kupimwa ana hoja, na mimi mwenyewe nitakuunga mkono. Kesho asubuhi lakini, kabla ya jambo lolote, weka madaftari machache mezani, hata yawe yale ya mwaka jana yaliyobaki na kurasa tupu, utangaze kwamba anayekaribia kumaliza lake achukue bila kuomba. Halafu baada ya siku tatu uutazame mwandiko wake.