Saratani ya mapafu: kinyama kwanza, dawa baadaye

Kikohozi kisichokwisha, kukonda, makohozi yenye damu, kivuli kwenye eksirei: huku kwetu wa kwanza kushukiwa ni TB, na mara nyingi ndiyo yenyewe. Kushuku TB si kosa. Kosa ni pale GeneXpert (kipimo cha TB kwenye makohozi) inapotoka haina vimelea, mgonjwa akaanzishiwa dawa "tuone kwanza", kisha akaachwa ameze miezi 6 bila picha ya pili. Mgonjwa wa namna hiyo arudiwe eksirei mwisho wa mwezi wa 2. Kivuli kikiwa kilekile au kimekua, aende CT (picha ya mwili tabaka kwa tabaka), asingoje kumaliza dozi. Kama sauti imekwaruza zaidi ya wiki 3, ncha za vidole zimevimba kama rungu, au kuna tezi juu ya mtulinga, hata hiyo miezi 2 msiisubiri.

CT iwe ya kifua, yenye dawa ya kuchomwa mshipani, na ishuke hadi kwenye ini na tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo. Hiyo sehemu ya chini husahaulika kuandikwa kwenye fomu, halafu familia inalipia picha mara mbili. Kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, ipimwe kabla, maana dawa ile hutolewa na figo. Chukueni na CD ya picha. Karatasi ya majibu haitoshi, kwani atakayeingiza sindano anataka kuiona njia kwa macho yake.

Sasa kinyama, yaani kipande kinachotolewa kwenye uvimbe au tezi ili kipimwe maabara. Swali la kuuliza ni hili: sindano ichomwe wapi ili itoe majibu mawili kwa mara moja, aina ya saratani na hatua yake? Tezi ya juu ya mtulinga inayoshikika kwa vidole ndiyo bahati kubwa. Ganzi kidogo, dakika chache, na ikikutwa na saratani hiyo tayari ni N3 (daraja la juu kabisa la kuenea kwenye tezi), yaani hatua isiyopungua 3B. Hakuna sababu ya kumtoboa mtu pafu wakati jibu liko shingoni. Kama kuna maji kifuani, pelekeni maabara mililita 50 au zaidi, si kijisindano kimoja. Hata hivyo maji hutoa jibu kwa takriban wagonjwa 6 kati ya 10 tu wenye saratani, kwa hiyo "hakuna seli za saratani" si cheti cha afya. Rudieni mara moja, kisha ombeni kamera ya kifua.

Uvimbe ulio karibu na njia kuu za hewa hufuatwa kwa bronkoskopi, kamera inayopitishwa kwenye njia ya hewa. Ulio pembeni hufuatwa kwa sindano kupitia mbavu, CT ikiongoza. Hiyo ya mbavu huweza kuvujisha hewa kifuani, ndiyo maana eksirei hupigwa saa chache baadaye. Mgonjwa akibanwa na pumzi usiku ule, arudi hospitali usiku uleule. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Klopidogreli, mojawapo ya dawa hizo, kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, lakini uamuzi ni wa daktari, hasa kwa mwenye kibomba kwenye mishipa ya moyo.

Kazi nyingi nzuri huharibikia kwenye chupa. Seli chache zilizovutwa kwa sindano nyembamba mara nyingi hazitoshi; ombeni vipande. Viingie kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10 papo hapo, ujazo wake mara 10 ya nyama, na vikae humo kati ya saa 6 na 72. Hesabuni wenyewe: kinyama cha Ijumaa mchana kikipokelewa maabara Jumatatu jioni, muda umepita, na kipimo cha vinasaba kinaweza kugoma. Kama TB bado inashukiwa, kipande kimoja kitengwe kwenye maji ya chumvi yasiyo na vijidudu, maana fomalini huua vimelea na hapo hakuna cha kuotesha.

Kwenye fomu ya patholojia iandikwe wazi: "Inashukiwa saratani ya mapafu, tunzeni nyama kwa vipimo vya vinasaba." Kutofautisha adenokasinoma na skwamasi, aina mbili kuu za saratani hii, rangi za maabara za TTF-1 na p40 kwa kawaida zinatosha; zikipakwa rangi kumi nyama inaisha, na EGFR na ALK, vinasaba vinavyosaidia kuchagua dawa, havina pa kupimwa. Jibu linalosema "saratani" bila aina ni nusu ya jibu. Dai pia kibonge cha nta chenye nyama yako. Wanaosafiri kwenda India bila hicho kibonge hujikuta wanachomwa sindano upya.

Hatua hupangwa kwa herufi tatu, T, N na M (TNM). T ni uvimbe: hadi sentimita 3 ni T1, zaidi ya 3 hadi 5 ni T2, hadi 7 ni T3, zaidi ya hapo T4, ingawa ukivamia viungo vya jirani hupanda bila kujali ukubwa. M ni kusambaa. Maji ya kifua yenye seli za saratani ni M1a, hatua ya 4. N, yaani tezi, ndiyo yenye utata. Tezi ya zaidi ya sentimita 1 kwenye CT ni shaka tu, na PET (picha inayoonyesha sehemu zenye seli zinazofanya kazi sana) nayo huwaka kwa TB kama inavyowaka kwa saratani. Kwa hiyo mtu anayeweza kupasuliwa asinyimwe upasuaji kwa sababu ya tezi iliyowaka, itobolewe kwanza. Toleo la 9 la TNM, linalotumika tangu 2025, limegawa N2 (tezi za katikati ya kifua, upande wa uvimbe) kuwa N2a na N2b, basi ripoti itaje toleo.

Ubongo upigwe MRI kuanzia hatua ya 2, na kwa saratani ya seli ndogo, aina inayosambaa haraka, daima. MRI ikikosekana, CT yenye dawa. Ila kwa mgonjwa dhaifu ambaye maji yake ya kifua yameshathibitika kuwa na saratani, kusafiri kufuata PET hakubadilishi kitu. Hiyo fedha ina kazi nyingine.

Miguu ikilegea ghafla, au mkojo ukigoma kutoka, huenda saratani inabana uti wa mgongo: achaneni na foleni ya kliniki. Ni MRI ya uti wa mgongo siku hiyohiyo.