Shaba na Kobalti Zikifika Baharini Huenda Wapi?

SWALI: Bwana Mhariri, mto Lubumbashi huingia Kafubu, Kafubu huingia Luapula, na hivyo maji yetu hufika mto Kongo na mwishowe bahari ya Atlantiki. Ikiwa mito imebeba shaba na kobalti tangu zamani, mbona bahari haijajaa metali hizo? Je, huzama kwa uzito wake? (Msomaji wa Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Ndugu msomaji, sehemu ya mzigo huo haifiki mbali, kwani matope mengi hutua njiani, kwa mfano katika ziwa Mweru, na chuma kingi huganda pale maji ya mto yanapokutana na chumvi ya bahari. Metali inayovuka hapo ikiwa imeyeyuka haizami kwa uzito wake, hata ingekuwa metali nzito kama risasi, bali husubiri kitu cha kuibeba.

Kitu hicho ni chembe zinazoshuka bila kukoma: udongo, vumbi la jangwani, mabaki ya planktoni (viumbe vidogo sana vinavyoelea majini) na vinyesi vya wanyama wadogo wanaoila. Ioni za metali, yaani chembechembe zake zilizoyeyuka zenye chaji ya umeme, hunata juu yake kama vumbi letu jekundu la kiangazi linavyonata kwenye nguo mbichi kambani. Chembe moja ya udongo ikiwa peke yake ingehitaji makumi ya miaka kufika chini kwenye kina cha mita 4,000. Lakini ikimezwa na kopepodi, mdudu wa maji asiyezidi punje ya mchele, hutoka ndani ya kinyesi kilichoshikamana, ambacho huweza kushuka mita 100 au zaidi kwa siku, na safari yote ikawa ya majuma machache. Nakiri kwamba si habari ya mezani, ila bila vinyesi hivyo usafi wa bahari hauelezeki.

Si kila metali hushikwa sawasawa. Aluminiamu na chuma hunaswa upesi. Zinki na kadmiamu huliwa na planktoni juu, kisha bakteria wanapoyaozesha mabaki kilindini huachiliwa tena, kwa hiyo maji ya chini huwa nazo nyingi kuliko ya juu. Shaba hudumu kwa maelfu ya miaka kabla ya kuzikwa, wakati kobalti, ambayo hunaswa pamoja na oksidi za manganizi (kama kutu ya metali hiyo), huondoka mapema zaidi. Ndiyo maana lita moja ya maji ya bahari kuu ina nanogramu (sehemu za bilioni za gramu) chache tu za kobalti.

Kasi ya mvua hii ya chembe hupimwa kwa thoriamu-234, metali nururifu ambayo huzaliwa majini kutokana na uraniamu, hunata kwenye chembe mara moja, na nusu yake huisha kwa siku 24 hivi. Ikipungua kuliko inavyotakiwa kulingana na uraniamu iliyopo, upungufu huo umeshuka na chembe.

Kobalti yenyewe haipotei. Kwenye sakafu ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Mexico, kuna vinundu (mabonge ya mawe) vya manganizi vyenye nikeli, shaba na kobalti, ambavyo hukua milimita chache tu kwa miaka milioni moja. Makampuni yanavitamani, na Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao yake Kingston, Jamaika, imekwisha kutoa mikataba ya kuvitafiti.