Unaitaka MD? Anza na somo unalolikimbia

Tanzania hatuna mtihani maalumu wa kuingia MD, yaani shahada ya udaktari. Mtihani wenyewe ni huu wa Kidato cha Sita, na siku unapokaa darasa la PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) mbio zimeshaanza, filimbi hukuisikia tu. Mei unafanya pepa, matokeo yakitoka wewe na wenzako wa nchi nzima mnagombea nafasi zilezile za vyuo vya Muhimbili, KCMC, Bugando, Dodoma na kwingineko. Mimi nimepita huko, na likizo huwa nawafundisha wadogo zangu wa mtaani wanaosoma kombi hiyo. Karibu wote nawakuta wanakesha na Biolojia.

Nawaelewa. Ukisoma moyo na figo unajisikia daktari tayari. Fizikia je? Hiyo inasubiri "nikipata muda". Sasa piga hesabu. Kwa udahili wa vyuo, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kama Biolojia una B, hata ukikesha mwaka mzima umebakiwa na pointi moja tu ya kuongeza. Fizikia ukiitoa D ukaifikisha B, umeongeza mbili. Na anayekupita kwenye orodha ya waliochaguliwa mara nyingi Biolojia mko sawa, kakuacha kwenye Fizikia au Kemia.

Fizikia haiivi kwa kusomewa kitandani. Chukua swali la zamani la saketi, lile la sheria za Kirchhoff, funika daftari, weka saa mezani. Ukikwama usikimbilie majibu, andika pembeni umekwamia mstari gani, kisha endelea na swali jingine. Baada ya wiki chache zile alama za pembeni zitakuonyesha kitu ambacho mwalimu mwenye darasa la watu themanini hawezi kukuonyesha: pengine sheria unazijua vizuri, ila unachanganya ishara za chanya na hasi kila unapozunguka saketi. Hilo linarekebishika jioni moja.

Kuna hazina nyingine ambayo wanafunzi wengi hawaifungui. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, na zipo bure kwenye tovuti yao. Mle utakuta majibu halisi ya watahiniwa, lililopata alama na lililokosa, pamoja na maelezo ya kwa nini. Soma angalau za miaka mitatu kabla hujatoa hela ya twisheni. Utashangaa ni wangapi waliolijua somo lakini swali lilisema "eleza", wao wakaorodhesha.

Halafu praktiko. Hapa ndipo alama zipo karibu zaidi na ndipo watu wanapozimwaga. Kwenye titresheni, bureti isuuze kwa tindikali utakayotumia, maana maji yakibaki ndani yanaizimua. Jicho liwe usawa wa kimiminika, usome sehemu ya chini ya mkunjo, uandike desimali mbili: 24.30, si 24.3. Kwenye kutambua chumvi, hidroksidi ya sodiamu itie tone kwa tone, andika ulichoona, ndipo uzidishe. Mashapo meupe yakiyeyuka usiharakishe kuandika zinki, aluminiamu nayo hufanya hivyohivyo. Amonia ndiyo inayowatenganisha: ikizidi, ya zinki yanayeyuka, ya aluminiamu yanabaki. Shule yako ikiwa na kemikali chache, omba kuingia maabara na kundi dogo jioni, hata kama ni kwa ajili ya kuosha vyombo na kushika bureti mkononi.

Diskasheni ni nzuri mkiwa watatu au wanne na kila mmoja anasimama ubaoni. Wakizidi hapo inageuka kijiwe. Kupiga msuli hadi alfajiri nako sikushauri, hasa mwezi wa mwisho; pepa ni la saa tatu na linataka kichwa kilicholala. BAM (hesabu za nyongeza) na GS (General Studies) haziingii kwenye pointi, zipe muda wa kufaulu, basi.

Jambo la mwisho ni la makaratasi. NECTA na vyuo huhesabu kinyume: kwa NECTA mwenye A tatu ana pointi 3, kwa udahili huyohuyo ana 15. Usije ukajikatia tamaa au ukajisifia kwa kusoma jedwali lisilo lako. Na zile sifa za chini zilizomo kwenye kitabu cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) zinakupa ruhusa ya kuomba tu, wanaochaguliwa MD kwenye vyuo vikubwa huwa juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo unapojaza maombi, usiweke MD ya chuo kimoja peke yake. Ongeza chuo kingine, na weka pia Famasia au Uuguzi kama kweli unaweza kuisoma bila kinyongo.